Vazi la Kisale: kisa cha marafiki watano wa Lubumbashi na watu wa kale waliowavaa

Sharti la sherehe lilikuwa moja: kila anayekuja na vazi la watu wa kale lazima aweze kujibu swali lolote kuhusu kipande chochote alichovaa. Umejuaje kwamba walivaa hivi? Nani ameona? Marafiki watano wa hapa Lubumbashi walikubaliana hivyo miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Wanne kati yao hawakupata shida kubwa. Wa tano alipata kazi nyingi, akaingia kwenye mabishano na wenzake, na mwishowe akatoka na vazi ambalo naona linastahili uchambuzi mzima.

Hawa ni watu wa mitaa ya hapa mjini, Kamalondo, Kenya na Katuba, wote wamepita chuo au bado wako chuoni, na kilichowaunganisha tangu ujana ni mambo ya kale. Walianzia kwenye michezo ya kompyuta ya kujenga miji na kuongoza majeshi ya zamani, wakaendelea na filamu za maelezo, kisha wakaanza kusoma kwa bidii ambayo wanafunzi wangu wengi wa historia hawana. Mmoja alipokaribia kutimiza miaka thelathini, wakasema sikukuu yake iwe ya mavazi, na mavazi hayo yatengenezwe kwa mikono yao. Mimi waliniomba niwepo kama mwamuzi wa maswali. Majina yao nayaacha. Nitawaita kwa walichovaa: Farao, Cleopatra, Mrumi, Mkushi na Mkisale, yaani mtu wa Ziwa Kisale.

Wanne wa kwanza nitawapitia haraka, kwa sababu kazi yao ilikuwa nzuri lakini njia ilikwisha kufunguliwa na wengine. Farao alichagua Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922 na ambaye kinyago chake cha dhahabu kinapita kilo 10. Yeye alitumia kartoni na rangi, na kile kitambaa cha kichwa chenye mistari akakikata kwenye kikwembe cha mamaye, kwa ruhusa. Mkushi alikuwa Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala pia Misri hadi mwaka 664 KK, na alijua kueleza kwa nini paji la uso wake lilikuwa na nyoka wawili wakati Farao alikuwa na swila mmoja na tai: ndiyo alama waliyoipenda wafalme wa Kushi. Mrumi alikata sponji ya godoro kuwa mabamba ya kifuani, akayapaka rangi ya chuma, na kwa mbali yalidanganya jicho.

Cleopatra ndiye aliyenifurahisha zaidi kati ya wanne. Kila mtu alitegemea wigi jeusi lenye kingo zilizonyooka na macho yaliyopakwa wanja hadi karibu na masikio. Alikuja na nywele zilizovutwa nyuma na kufungwa fundo kisogoni, na utepe mwembamba kichwani. Alipoulizwa, akaonyesha picha za sarafu zilizopigwa wakati malkia huyo bado hai, kati ya mwaka 51 na 30 KK. Ukoo wake ulitoka Makedonia, ulitawala kutoka Alexandria, na kwenye fedha yake alijionyesha kama malkia wa Kigiriki. Kwenye kuta za hekalu la Dendera amechorwa kwa namna ya Kimisri. Sura mbili, kila moja kwa watu wake. Cleopatra wetu alichagua moja na akasema kwa nini.

Angalieni jambo moja linalowaunganisha wote wanne: wana picha. Misri ilichora, ikachonga, ikapaka rangi. Roma ilichonga mawe na kupiga sarafu. Anayetaka kujua kitambaa cha Farao kinakaaje nyuma ya shingo anatafuta sanamu, anaizunguka, anaona. Hata Taharqa ameachiwa sanamu. Kazi ya hawa wanne ilikuwa kutafuta picha iliyo sahihi na kuifuata kwa vifaa vya sokoni.

Mkisale hakuwa na picha hata moja.

Wazo lake lilizaliwa na swali ambalo aliwauliza wenzake wakiwa bado wanagawana falme: kwa nini ustaarabu wote tunaoupenda unatoka mbali? Akasema yeye atavaa kama mtu mwenye heshima wa Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, karibu kilomita 400 kaskazini mwa mji huu, miaka elfu moja hivi iliyopita. Mrumi ndiye aliyepinga kwanza. "Yaya, ustaarabu ni mji na maandishi. Kule kulikuwa na nini, samaki?"

Nataka kulijibu swali hilo la Mrumi kwa ukamilifu, kwa sababu nalisikia darasani kila mwaka, na kila mwaka linaniuma.

Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, wakakuta makaburi mengi sana. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea pale na katika maeneo mengine ya bonde hilo: Kamilamba, Katongo, Kikulu, Malemba Nkulu. Kwa kulinganisha vyombo na tabaka za udongo, wataalamu wamepanga vipindi vinavyofuatana kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kukatika. Kuna kipindi cha Kamilamba, kisha Kisale ya mwanzo kuanzia karne ya 8 hivi, kisha Kisale iliyostawi, kati ya karne ya 10 au 11 na karne ya 13, kisha kipindi cha Kabamba kuanzia karne ya 14 hadi karibu na karne ya 18. Sehemu chache sana za Afrika ya kati zina mfululizo kama huo.

Na ndani ya makaburi ya Kisale iliyostawi kuna nini? Vyungu vya udongo vya maumbo mengi, vilivyofinyangwa na watu waliojua kazi, na kwenye makaburi ya watoto vyungu vidogo vya kadiri yao. Majembe, visu, mikuki, ndoana na vyusa vya chuma. Bangili, mikufu na mishipi ya shaba. Bangili za pembe ya ndovu. Shanga chache, na simbi chache zilizotoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Shaba nayo haipatikani Upemba. Ilitoka huku kwetu kusini, kwenye ukanda wa malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Baadhi ya wafu walizikwa na vitu vingi, wengine na vichache. Kwa hiyo kulikuwa na mafundi, kulikuwa na biashara ya mbali, kulikuwa na wakubwa na wadogo, na kulikuwa na desturi iliyofuatwa kwa vizazi. Mrumi aliniuliza maandishi yako wapi. Nikamwambia maandishi hayakuwepo, na kwamba mtu anayedai maandishi ndiyo kipimo cha kila kitu atajikuta ameifuta nusu ya dunia. Alinyamaza, si kwa kushindwa, bali alienda kusoma. Wiki iliyofuata alirudi na maswali bora zaidi.

Hapo ndipo kazi ya Mkisale ilipoanza kuwa ngumu kweli, kwa sababu kulijua kaburi na kulivaa ni mambo mawili.

Shida ya kwanza ilikuwa nguo. Kitambaa kinaoza. Shaba, chuma, udongo na mfupa vinabaki ardhini. Uzi unaondoka, isipokuwa mara chache pale ambapo kutu ya kijani ya shaba imeugusa na kuwazuia vijidudu wanaouozesha. Kwa hiyo tunajua mshipi wa shaba ulikaa wapi kiunoni, lakini hatujui ulikaa juu ya vazi gani. Suluhisho la haraka lilikuwepo sokoni: wauzaji wa vitu vya sanaa wana vitambaa vya rafia vilivyotariziwa maumbo ya pembe, vizuri mno, na wenzake wote walimshauri avinunue. Alivikataa. Maumbo yale ni ya Wakuba wa Kasai, watu wa mahali pengine na wakati mwingine, na kuyavaa kungekuwa kama kumvisha Mrumi kofia ya Napoleon. Akaamua kuunganisha vipande vya rafia tupu, visivyo na rangi wala nakshi, akajifunga kiunoni hadi magotini. Sababu yake aliieleza hivi: rafia imefumwa kwa muda mrefu katika eneo hili lote la nchi, kwa hiyo ni dhana yenye msingi, lakini rangi na nakshi hana msingi wowote wa kuzisema, kwa hiyo hatazisema.

Uamuzi huo kwangu ndio kitovu cha kisa hiki. Wengi wanapofika mahali ambapo ushahidi umekatika, huongeza urembo ili pengo lisionekane: ngozi ya chui, manyoya, michoro usoni. Macho ya mtazamaji yanaridhika, na uongo umeshonwa ndani bila mtu kuuona. Mkisale aliliacha pengo wazi. Mtu akimtazama anaona mara moja kwamba shaba ina kazi nyingi na nguo haina kitu, na tofauti hiyo ndiyo hali halisi ya maarifa yetu.

Shida ya pili ilikuwa msalaba. Mtu yeyote wa hapa ukimwambia shaba ya kale ya Katanga, atakuchorea msalaba ule wenye mikono minne sawa, ambao mkubwa wake unakaribia kilo moja. Ulitumika kama pesa. Upo nyuma ya kioo katika Makumbusho ya Taifa hapa mjini. Ulikuwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu, lilipojitenga na Congo kati ya mwaka 1960 na 1963, na kwenye sarafu zake za mwaka 1961, upande mmoja msalaba, upande mwingine ndizi. Marafiki wote walitaka autundike kifuani. Farao alikuwa tayari ameshaukata mmoja kwenye kartoni ngumu.

Lakini katika makaburi ya Upemba, misalaba inazoeleka katika kipindi cha Kabamba, karne ya 14 na kuendelea. Mwanzoni inawekwa kifuani mwa maiti. Baadaye inakuwa midogo, inafanana vipimo, inapatikana mkononi au karibu na nyonga, na hapo wataalamu wanaona imekwisha kuwa fedha ya kuhesabiwa. Vazi la Mkisale lilikuwa la karne ya 11 au 12. Kuweka msalaba juu yake kungechanganya enzi mbili kwa ajili ya kupendeza macho ya wageni.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo aliniambia faraghani na ambayo naiheshimu. Cleopatra ni mtoto wa wazazi waliotoka Kasai. Katika mwaka 1992 na 1993, watu wengi wa asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili, na kuna familia ambazo alama za Katanga bado zinazikumbusha treni zilizowabeba wakati ule. Cleopatra hakuwa amesema neno. Mkisale aliliwaza mwenyewe. Msalaba wa shaba ni mkongwe kuliko siasa zote hizo na hauna kosa, lakini anayeuvaa kwenye sikukuu ya rafiki anavaa pia yale yaliyoongezwa juu yake. Karne zilitosha kuukataa. Urafiki ulitosha pia.

Shida ya tatu ndiyo iliyoleta sauti za juu. Mkushi, ambaye ana jicho zuri la vitu vya mkononi, alipendekeza lukasa. Ni kibao cha Waluba, watu wa upande huo wa Upemba, kinachoshikika kwa mkono mmoja, kimepachikwa shanga na simbi. Anayejua kukisoma hupitisha kidole juu ya shanga huku akisimulia wafalme, safari zao, maeneo yao na mambo ya dola. Elimu hiyo ni ya chama cha Mbudye, na haipatikani kwa kununua kibao. Mkushi alitaka kukitengeneza kwa mbao laini na shanga za kawaida, kwa upendo mtupu. Aliona ni kitu kizuri kuliko vyote ambavyo eneo hili limewahi kubuni, na katika hilo simpingi.

Aliyepinga ni baba mkubwa wa Mkisale. Ni mstaafu wa kiwandani Gécamines, kampuni ya madini, mtu wa kuyeyusha shaba, na wazazi wake walitoka upande wa Malemba Nkulu. Kazi yote ya mikufu ilifanyikia kwenye lupango yake, yaani uwanja wa nyumba yake, hivyo alikuwa akisikia kila kitu. Alikuja taratibu, akakitazama kibao kilichoanza kuchongwa, akasema: "Mwanangu, ile iko na benyewe. Hauwezi kuibeba mu fete juu iko muzuri." Yaani kina wenyewe, hakibebwi kwenye sherehe kwa sababu tu ni kizuri.

Mkushi aliona kama ametukanwa. Akauliza, mbona nyoka wawili wa Taharqa hawana wenyewe? Mbona fimbo ya Farao, ambayo ilikuwa takatifu kuliko lukasa, inaruhusiwa? Mabishano yakaendelea hadi usiku, mengine kwa sauti, na nadhani hoja ya Mkushi ilistahili jibu zito zaidi kuliko heshima kwa mzee.

Jibu langu lilikuwa hili. Kuna sababu ya tarehe: lukasa ni ya dola la Waluba, ambalo nguvu yake ilikua karne nyingi baada ya Kisale iliyostawi, kwa hiyo kwenye vazi hili ingekuwa kosa lilelile la msalaba. Hiyo ni sababu rahisi, na wote waliikubali haraka. Lakini hata kama tarehe ingekuwa sawa, ningemuunga mkono baba mkubwa. Makuhani wa Misri ya kale hawapo. Hakuna mtu leo aliyeapishwa kuishika fimbo ile ambaye atakutana na Farao wetu njiani. Mbudye ina watu, ina majina yanayotajwa katika familia zilizo hapahapa mjini. Kipimo cha kitu kutumika kwenye mchezo ni kama bado kuna wenye kukiapia. Ukale wake haupimi hilo, wala uzuri wake. Mkushi hakufurahi, ila kibao alikipasua mwenyewe, akakitia kwenye mbabula, jiko la makaa. Baba mkubwa akamwambia asante, akamkalisha karibu naye, na kuanzia hapo Mkushi akawa msaidizi wa shaba hadi mwisho.

Sasa niseme kuhusu shaba, kwa sababu hapa ndipo vazi lilipopata uzito, na mimi nilikaa nikatazama.

Waya ulinunuliwa kwa fundi wa bobinaji, anayezungusha upya waya za mota, ule wa mota zilizoungua. Mkisale alitaka mota ifunguliwe mbele ya macho yake, kwa sababu mtaa wao umewahi kukaa gizani baada ya kebo kukatwa usiku, na hakutaka shaba ya namna hiyo mwilini. Waya wa mota umepakwa vanishi. Lazima ichomwe nje, mbali na watu, maana moshi wake ni mbaya, kisha waya usuguliwe kwa mchanga hadi uwe mwekundu. Baada ya hapo unazungushwa kwenye msumari mnene, duara kando ya duara, kama springi iliyobanana. Springi inakatwa upande mmoja kwa msumeno mwembamba na pete zinadondoka moja moja. Kila pete inafunguliwa kwa koleo, inapitishwa kwenye mwenzake, inafungwa.

Ujuzi wa vijana uliishia kwenye mshipi. Kwa mshipi walitaka ukanda uliopigwa bapa, na baada ya mapigo ya nyundo ya muda mfupi shaba ikawa ngumu, ikaanza kupasuka kingo. Walifikiri waya ni mbovu. Baba mkubwa akacheka, akasema: "Shaba inachoka. Ukiona inakataa, irudishe ku moto." Ukanda ukaingizwa kwenye makala, yaani makaa ya moto, hadi ukageuka wekundu hafifu, ukatumbukizwa majini, ukatoka laini kama mwanzo. Wakapiga, ukakaza, wakarudisha. Chuma cha pua ukikitendea hivyo kinazidi ugumu, shaba inalegea. Fundi wa Kisale aliijua tabia hiyo, maana bila kuijua hakuna mkufu wala bangili inayoweza kutoka mkononi mwake. Niliona vijana wale wanavyoishika ile nyundo kwa heshima mpya. Walikuwa wamesoma kuhusu mababu wa shaba wa Katanga, waliochoma malakiti ya kijani kwa makala katika tanuru za udongo wa kichuguu, na sasa walijua jasho lake lilivyo, angalau kwa sehemu yake ndogo.

Bangili za pembe zilikuwa swali fupi. Pembe ya ndovu haitumiki. Biashara yake kati ya nchi ilifungwa kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hata bila sheria hakuna aliyeitaka. Alikata bomba jeupe la plastiki, akalipasha moto kidogo, akalisugua hadi mng'ao wake ukafa, akalipaka chai nzito. Simbi alishona tatu tu. Alikuwa nazo nyingi, na dada zake walimshawishi atengeneze kofia nzima, lakini makaburini ni chache. Kofia ya simbi ingemfanya tajiri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzikwa Sanga.

Siku yenyewe ilikuwa jioni ya kiangazi, kwenye lupango ya Kamalondo. Maswali yaliendelea vizuri. Farao aliulizwa kuhusu ndevu za bandia, akajibu. Mrumi aliulizwa kwa nini kanzu yake ni nyekundu, akakiri kwamba rangi hiyo imetoka kwenye filamu zaidi kuliko kwenye ushahidi, na watu wakampigia makofi kwa ukweli wake.

Ilipofika zamu ya Mkisale, Cleopatra akauliza swali ambalo mimi sikulitarajia na ambalo naliona kuwa kali kuliko yote ya jioni ile. "Vyote ulivyovaa vimetoka kaburini. Maiti havai mwenyewe, anavalishwa. Sasa hili ni vazi la mtu, au ni vazi la mazishi yake?"

Kimya kikaja. Ni kweli. Kaburi linatuambia jinsi waliobaki walivyotaka marehemu aondoke. Huenda mshipi ule alikuwa akiuvaa kila siku ya sherehe. Huenda aliwekewa siku ile tu. Mtoto aliyezikwa na vyungu vidogo hakuwa mpishi. Anayelichukua kaburi na kulisimamisha wima, akalitembeza kwenye sikukuu, ameruka hatua ambayo ushahidi haukumruhusu kuiruka.

Mkisale alifikiri, kisha akatoa jibu ambalo lilikuwa nusu jibu, na nusu hiyo ilinitosha. Bangili mbili kati ya zake, alisema, alizitengeneza zikiwa nyembamba upande wa ndani, kama zinavyolika zikisuguana na mwili na zenyewe kwa zenyewe. Hilo alilifanya kwa sababu alikuwa ameanza kujiuliza swali hilohilo: pambo lililovaliwa maisha yote lina alama za kuvaliwa, pambo lililotengenezwa kwa mazishi halina. Ukiwa na kitu chenyewe mkononi unaweza kuanza kutofautisha. Kwa vazi lote hakuwa na jibu, na akasema wazi kwamba anayemtazama anaona mtu aliyevikwa kwa heshima ya mwisho, kwa kadiri tunavyoweza kulijua hilo. Baadhi ya wageni wakashtuka. Mama mmoja jirani aliondoka mapema, akisema mambo ya wafu hayaletwi kwenye keki. Simlaumu. Baba mkubwa alimsindikiza hadi mlangoni wakiongea kwa utulivu.

Nikipima kisa chote, vazi la Farao ndilo lililopendeza zaidi kwenye picha, na la Cleopatra ndilo lililokuwa na ujasiri wa kwenda kinyume na mazoea. Ila la Mkisale ndilo pekee ambalo kila kipande chake kilipita mikononi mwa maswali mawili tofauti. La kwanza, ardhi imesema nini na imenyamaza wapi. La pili, nani bado anakiapia kitu hiki. Rafia tupu ilitokana na swali la kwanza, kibao kilichotiwa motoni kilitokana na la pili, na msalaba ulikataliwa na yote mawili. Wenye vikundi vya mavazi hapa mjini, na vinaongezeka, mara nyingi wanajiuliza swali la tatu tu: kitapendeza? Nawasihi waanze na yale mawili, hasa wanapogusa Upemba, Waluba, Wasanga, Walamba, Wayeke, kwa sababu hapo hakuna maktaba ya picha ya kuwasahihisha, na picha watakazopiga wao ndizo zitakazoonwa na watoto kama ukweli.

Toleo la pili la vazi limeshaanza kuzungumzwa. Mkisale anataka kushuka hadi Kisale ya mwanzo, na pale kuna kitu kinachomvuta sana. Huko Kamilamba kulipatikana kaburi la mkubwa mwenye shoka la heshima ambalo mpini wake umepigiliwa misumari, na fuawe ya chuma karibu na kichwa. Alama hizo mbili, shoka na fuawe, zilikuja kuwa alama za utawala kwa Waluba karne nyingi baadaye. Kwa swali la kwanza shoka linapita bila tatizo: limetoka ardhini, lina mahali na lina kipindi. Kwa swali la pili halijapita. Baba mkubwa amesema hawezi kujibu peke yake, atawauliza wakubwa wa ukoo upande wa Malemba Nkulu kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Mkushi, ambaye ndiye atakayeuchonga mpini, amekubali kungoja.